Mfuko wa uzazi mgumu kama mpira, kondo limetoka zima, damu bado inachuruzika: mkono unaanzia wapi?

#1 Mkunga wa Zamu

Wakuu, salaam. Naleta mfano wa mazoezi ya leba, tuubishie.

Mama ni uzao wa 4, hana kovu la upasuaji, presha haikupanda wakati wa ujauzito. Amejifungua kwa njia ya kawaida, mtoto kilo 3.9. Oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) yuniti 10 ya msuli kachomwa ndani ya dakika moja, kondo la nyuma limetoka dakika ya 8 na limeandikwa "zima". Dakika ya 25 hali ni hii: kilele cha mfuko wa uzazi kipo usawa wa kitovu, kigumu kama mpira. Damu nyekundu ya kung'aa inachuruzika bila kukatika. Shuka la vipimo, lile la kukusanya na kupima damu, linasoma mililita 450. Mapigo 112, presha 100/64. Mama anaongea vizuri, ila anaomba maji kila mara.

Dai langu: anayesema "tusubiri zifike 500" anampoteza huyu mama. Swali langu: damu inatoka wapi, na mkono wako unaanza kugusa nini?

#2 Kanula Kijivu

Kachanika. Mfuko mgumu na damu mbichi isiyokatika, mimi sihami mpaka nimeuona mlango wa kizazi wote. Na kuuona si kuchungulia. Mama aletwe pembeni mwa kitanda, miguu ipandishwe, taa nzuri, msaidizi wa kushikilia ukuta wa uke kwa spekulamu, koleo mbili za pete. Unashika mdomo wa mlango wa kizazi kwa koleo ya kwanza, ya pili unaiweka sentimita chache mbele, unaachia ya kwanza na kuirusha mbele ya pili, hivyo hivyo mpaka umezunguka kote. Angalia sana usawa wa saa 3 na saa 9 kama kwenye uso wa saa, yaani pembeni kushoto na kulia, ndipo mara nyingi huchanika.

Ukiupata, mshono wa kwanza uanzie juu kidogo ya ncha ya mchaniko, kama sentimita moja. Mshipa uliokatika hujivuta juu. Ukianzia pale macho yanapoona mwisho wa mchaniko, umefunga mlango na mwizi yuko ndani.

#3 Sista wa Pwani

Kanula, koleo baadaye. Kibofu kwanza. Mama wa saa nyingi za uchungu huwa hajakojoa, na kibofu kilichojaa hukizuia kizazi kujibana vizuri. Katheta ya Foley namba 16 (mpira wa kutoa mkojo), sekunde chache tu. Tena ikibaki humo unapata kipimo kingine cha mshtuko: mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa, figo zinakosa damu.

#4 Mwanafunzi wa Diploma

Samahanini wakubwa. Sisi tumefundishwa mililita 500 kwa njia ya kawaida na 1000 kwa upasuaji. Huyu ana 450. Kwenye mtihani nikiandika anatokwa damu kupita kiasi, si nitakosa?

#5 Mkunga wa Zamu

Mdogo wangu, namba hizo hukuzifundishwa vibaya, zimeongezewa jirani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2025, uliotolewa pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi, unataka hatua zianze kwenye mililita 300 kama kuna dalili yoyote mbaya: mapigo zaidi ya 100, presha ya juu chini ya 100, ya chini chini ya 60, au mapigo yakigawanywa kwa presha ya juu yakazidi 1. Kama dalili zote ni nzuri, basi 500.

Sasa gawanya: 112 kwa 100 ni 1.12. Huyu mama ameshaingia kwa milango miwili, mapigo na mgawanyo.

Na usiitazame presha peke yake. Mjamzito huongeza damu mwilini kwa karibu 40% hadi 50%. Akiba hiyo inamfanya apoteze lita moja na zaidi huku presha inasoma vizuri. Ikianguka, jua alishaanza kuzama kitambo.

#6 Mzee wa Leba

Naomba niiguse hiyo 450 yenyewe. Shuka liliwekwa lini? Likitandikwa kabla mtoto hajatoka, linakusanya maji ya uzazi na mkojo, na 450 inaweza kuwa damu 250. Utaratibu ni mtoto atoke, maji yamwagike, ndipo shuka liingie chini ya makalio na kamba zake zifungwe kiunoni.

Ila kosa la kinyume ndilo baya zaidi: kukadiria kwa macho. Jicho huona kidogo kuliko kilichomwagika, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo jicho linavyodanganyika zaidi. Pasipo shuka, pima vitambaa kwa mizani: uzito wa kilicholowa toa uzito wa kikavu, gramu moja hesabu mililita moja. Kigoma walitumia kanga kwa wanaozalia nyumbani. Utafiti wao uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba kanga mbili za kawaida zikilowa chapachapa ni zaidi kidogo ya 500. Mkunga wa jadi asiyejua mililita anajua kanga mbili.

#7 Kanula Kijivu

Mzee, nakubali shuka. Lakini maji ya uzazi hayapandishi mapigo hadi 112.

#8 Mzee wa Leba

Maumivu hupandisha. Homa hupandisha. Uchovu wa kusukuma pia. Ndiyo maana nasema pima tena baada ya dakika tano, huku unafanya kazi, si huku umesimama.

#9 Mfamasia wa Kata

Mnaamini sana neno "kigumu". Mfuko ukiwa chini ya kiganja kinachokanda utakaza. Ondoa mkono, hesabu dakika moja, gusa tena. Ukikuta umelegea kama unga uliozidi maji, ugumu ule ulikuwa wa mkono wako.

Na hapo naiuliza oksitosini: imelala wapi? Dawa hii inataka nyuzijoto 2 hadi 8. Boksi likikaa wiki kadhaa kwenye kabati la leba lenye joto la Machi, chupa haibadiliki rangi wala harufu, lakini nguvu inapungua. Unachoma yuniti 10, mwili unapata pungufu. Sehemu zisizo na friji ya uhakika ndipo kabetosini isiyoogopa joto inapofaa, mikrogramu 100, inavumilia nyuzijoto 30 kwa muda mrefu. Lakini hiyo ni ya kuzuia. Damu ikishaanza, dawa ya kutibu ni oksitosini.

#10 Daktari wa Wilaya

Kuna kitu katikati ya Kanula na Mfamasia. Mfuko una sehemu ya juu na sehemu ya chini. Juu panaweza kuwa pagumu kama jiwe, chini pamelegea kama soksi. Sehemu ya chini ina misuli michache, na kama kondo lilijishika chini, mishipa ya pale haibanwi ipasavyo. Mkono wa tumboni hauwezi kukuambia hilo.

Vilevile bonge la damu likikwama kwenye mlango wa kizazi, linauweka wazi na damu inapita pembeni yake. Vaa glavu ndefu, ingiza vidole, toa mabonge. Kama chini pamelegea, bana kwa mikono miwili: ngumi ndani ya uke ikielekea mbele juu, mkono wa pili tumboni ukiuleta mfuko mbele dhidi ya ngumi. Usiachie mpaka damu isimame na mfuko ubaki umejikaza wenyewe. Mpangieni mtu wa kupokezana, mkono huchoka mapema.

#11 Mwanafunzi wa Diploma

Asante daktari. Na kukanda kwenyewe ni kubonyeza kwenda chini?

#12 Sista wa Pwani

Usibonyeze chini! Mkono mmoja uweke juu tu ya mfupa wa kinena, uzuie sehemu ya chini ya mfuko isishuke. Mkono wa pili uzunguke juu ya kilele, kwa nguvu ya kutosha mpaka kiitikie. Ukisukuma mfuko uliolegea kuelekea ukeni bila kuzuia, au ukivuta kamba ya kitovu bila kuzuia, unaweza kuupindua ndani-nje. Mama anaingia kwenye mshtuko mzito kuliko damu unayoiona. Ukipinduka, rudisha mara moja kwa mkono, na oksitosini isubiri mpaka urudi mahali pake, kwa sababu ikiukaza ukiwa nje hautarudi.

#13 Sista wa Pwani

Nirudi kwenye swali la #1, maana naona tunapanga foleni: mmoja kibofu, mwingine koleo, mwingine friji. Foleni ndiyo inayoua. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotoka 2023, ulifanyika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 210,000. Walipima damu kwa shuka na wakafanya mambo yote kwa pamoja badala ya moja kusubiri lingine. Waliopoteza lita moja au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au waliokufa kwa damu, kwa jumla walishuka kutoka 4.3% hadi 1.6%. Na utambuzi wa tatizo ulipanda kutoka 51% hadi 93%. Yaani awali karibu nusu ya kina mama waliotokwa damu nyingi hakuna aliyejua.

Kifurushi chenyewe: kanda, oksitosini yuniti 10 kwenye dripu ndogo ya mililita 200 hadi 500 ikimbie dakika 10, kisha yuniti 20 kwenye lita moja kwa saa 4, traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande) gramu 1, maji ya mshipa, kagua uke, mlango wa kizazi na kondo, na uite msaada. Mtu wa kwanza kuona anapaza sauti, hatoki kitandani kwenda kutafuta.

#14 Kanula Kijivu

Naongeza: oksitosini ya yuniti 10 isisukumwe yote kwa mpigo mshipani bila kuchanganywa. Presha inaporomoka ghafla, na huyu wa 100/64 hana pa kuporomokea.

Njia mbili za mshipa, kanula pana za kijivu au kijani. Kanula ya pinki ni ya dripu ya malaria, haipitishi damu kwa kasi tunayoitaka hapa. Damu ya kupima kundi na kulinganisha itolewe hapo hapo unapoweka kanula, kabla hujaingiza maji.

#15 Mfamasia wa Kata

Leo Kanula amelitetea jina lake 😀

Traneksamiki iandikwe vizuri. Chupa nyingi ni miligramu 500 kwa mililita 5, hivyo unahitaji mbili. Mshipani, mililita moja kwa dakika, dakika 10 zote. Ikisukumwa haraka inashusha presha. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, au ikianza upya ndani ya saa 24, gramu nyingine. Mwisho ni saa 3 tangu kujifungua, baada ya hapo haina faida na inaweza kudhuru. Ndani ya saa hizo 3, kila dakika 15 za kuchelewa zinakula karibu 10% ya faida yake. Isisubiri kuwa "dawa ya mwisho".

Onyo moja zito: kuna nchi ambako chupa yake ilichanganywa na ya ganzi ya mgongo kwa sababu zinafanana, ikachomwa mgongoni, na wagonjwa wakafa. Msiziweke trei moja wala rafu moja thieta.

#16 Mwanafunzi wa Diploma

Kwa hiyo wenye upungufu wa damu tuwape kabisa kabla hawajaanza kutoka?

#17 Mfamasia wa Kata

Hapana. Hilo lilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu wa kati na mkali, Tanzania ikiwemo, matokeo yakatoka 2023. Kuwapa wote mara baada ya kujifungua hakukupunguza idadi ya waliotokwa damu nyingi. Wape wanaotoka. Ila kwa mama mwenye himoglobini 7, mililita 400 ni msiba. Kwake usingoje namba ya mtu mwenye 12.

#18 Mzee wa Leba

Hakuna aliyeliuliza lile neno "zima". Nani aliliangalia, na aliliangalia vipi? Kondo linawekwa juu ya viganja viwili, upande wa mama ukiwa juu, damu ifutwe, vipande vyake vikae pamoja kama ganda la chungwa lililofungwa. Pengo moja ni kipande kimebaki. Kisha ning'iniza kwa kamba ya kitovu, uone utando wote na tundu alipopitia mtoto.

Kinachotukosesha wengi ni kondo la pembeni. Fuata mishipa kwenye utando. Mshipa ukienda hadi ukingoni ukakatika ghafla, ulikuwa unaelekea kwenye kipande kingine ambacho sasa kiko ndani ya mama. Kwenye karatasi itasomeka "limetoka zima", na kwa haki, lile lililotoka lilikuwa zima.

Mimi kura yangu iko hapa, si kwenye mlango wa kizazi.

#19 Kanula Kijivu

Kipande kikibaki, mfuko haukai mgumu, Mzee. Unakaza na kulegea.

#20 Mzee wa Leba

Kipande kikubwa, ndiyo. Kidogo au utando mrefu, mfuko unaweza kukudanganya nusu saa nzima.

#21 Daktari wa Wilaya

Na mimi nawaongezea la nne: damu isiyoganda. Mlisema inachuruzika. Je, ile iliyo kwenye shuka ina mabonge? Ikiwa ni maji matupu baada ya dakika 25, weka tahadhari.

Kipimo cha kitandani hakihitaji maabara. Mililita chache za damu ya mshipani kwenye chupa nyembamba ya kioo, kavu, isiyo na dawa. Ishike kiganjani ipate joto. Igeuze polepole baada ya dakika 4, kisha kila dakika moja. Ikipita dakika 7 haijaganda, au imeganda laini ikavunjika ukiigeuza, mfumo wa kugandisha umeharibika. Iwe ya kioo. Ya plastiki inachelewesha na utadhani ni ugonjwa. Huyu hana kifafa cha mimba wala kondo lililobanduka mapema, kwa hiyo naliweka nyuma, lakini hata aliyeanza na mchaniko tu huishia hapa akipoteza vya kutosha na kuingiziwa mshipani lita za maji baridi. Maji hayana chembe za kugandisha. Yape joto, mfunike mama, na damu iombwe mapema.

#22 Nesi wa Zahanati

Wakuu asanteni, ila mnaongea kama kila mahali kuna thieta. Kwetu tupo wawili, taa ya sola, hospitali kilomita 60. Oksitosini ikiisha?

#23 Sista wa Pwani

Misoprostoli mikrogramu 800 chini ya ulimi, vidonge 4 vya 200. Atatetemeka na kupata homa, mwambieni mapema yeye na ndugu wasiogope. Ergometrini miligramu 0.2 ya msuli inafaa kama presha yake ni nzuri. Mwenye presha ya juu usimguse nayo, inaweza kumpasulia mshipa kichwani.

Kwa Tanzania piga 115 ya m-mama (usafiri wa dharura wa kina mama) mapema, wakati unakanda, si baada ya kushindwa. Na safarini usimwache mgongo wazi kwenye upepo.

#24 Mkunga wa Zamu

Nesi, mkono wako mwenyewe ni kifaa. Bana mshipa mkuu: ngumi juu kidogo ya kitovu, kushoto kidogo, lalia kuelekea uti wa mgongo. Vidole vya mkono wa pili vitafute mapigo ya kinena. Kama bado yanadunda, hujabana vya kutosha.

Mkiwa na vazi la mshtuko (la kubana miguu na tumbo ili damu irudi juu), lifungeni kuanzia vifundoni kwenda juu, tumbo mwisho. Uke unabaki wazi, ukaguzi na ushonaji vinaendelea. Asivuliwe njiani wala mapokezi "ili aonekane vizuri". Linafunguliwa mama akishatulia, kuanzia vifundoni tena, sehemu moja moja kwa kungoja dakika kama 20. Presha ikishuka kwa 20 au mapigo yakipanda kwa 20, funga upya.

#25 Nesi wa Zahanati

Na puto la kondomu? Tulifundishwa.

#26 Daktari wa Wilaya

Linafaa mfuko ukigoma kukaza baada ya dawa zote. Kondomu inafungwa kwa uzi kwenye ncha ya katheta, inaingizwa mpaka ndani ya mfuko, inajazwa maji ya chumvi mililita 250 hadi 500 mpaka damu ikome, linakaa hadi saa 24. Lilianzia Bangladesh kwa Profesa Sayeba Akhter. Lakini kwa mama wa uzi huu, mfuko mgumu, ukiweka puto kabla ya kukagua michaniko umeziba pasipovuja. Na kama mfuko umepasuka, unaongeza.

#27 Sista wa Pwani

Na kuna damu isiyofika kwenye shuka kabisa. Mama analalamika maumivu makali ya msamba yasiyolingana na mshono, anahisi kama haja kubwa inakuja, mapigo yanapanda, pedi kavu. Hilo ni bonge chini ya ngozi ya uke, linaweza kumeza nusu lita na zaidi. Msimwambie "vumilia, ni uchungu wa kuzaa". Kagueni.

#28 Nesi wa Zahanati

Hapo umegusa nyumbani. Kwetu bibi huwa anasema "mwache, ni damu chafu inatoka", anamkanda kwa maji ya moto, na siku ya 8 tunaletewa mtu mweupe macho.

#29 Mkunga wa Zamu

Bibi hapigwi vita, anapewa kipimo. Kabla hawajaondoka, mwiteni yeye, mwambieni: pedi au kitambaa kikilowa chote ndani ya saa moja, bonge kubwa, harufu mbaya, homa, kizunguzungu akisimama, mlete siku hiyo hiyo. Damu inaweza kurudi hata wiki ya 6, mara nyingi kipande kilichobaki au maambukizi.

#30 Mzee wa Leba

Kipande kilichobaki. Nimesema tangu #18.

#31 Kanula Kijivu

Mzee, huyo ni wa siku ya 8. Huyu wetu ni wa dakika ya 25, na saa 3 na saa 9 hamjaniambia mmeona nini.

#32 Mwanafunzi wa Diploma

Samahani, nauliza tena kwa #1. Kilele kilipimwa mkono ukiwa juu au ukiwa umeondolewa? Na kwenye shuka kulikuwa na mabonge?

#33 Mkunga wa Zamu

Kwenye karatasi ya mazoezi hayo mawili hayakuandikwa. Narudi kuiandika upya, na safu ya saa itangulie: shuka limewekwa saa ngapi, mkono umeondolewa saa ngapi, kondo limekaguliwa na nani.